Kamera ya Pili

Habari ilianzia kwenye meza ya kukunjia mashuka, kama zilivyoanzia habari nyingi za pale kwa dobi. Ilisemekana kuna msichana wa kazi aliyekuwa akimnywesha mtoto wa watu dawa ya kikohozi kila mchana ili alale, yeye apate kujinyoosha kwenye kochi na kutazama tamthilia. Mtoto akawa analala tu, analala tu, mpaka siku moja mama yake alipomwamsha hakuamka. Akakimbizwa hospitali amelegea kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Mtaa gani?" akauliza Mama Chiriku.

Aliyeleta habari akasema ni mtaa unaofuata. Mkazi wa mtaa huo, ambaye alikuwa papo hapo anatia wanga kwenye kola, akaapa kwamba si kwao, ni ule wa mbele yake. Na wa mbele yake hakuwepo mtu wa kuulizwa. Habari ile haikuwa na nyumba wala mwenyewe, lakini ilipata makao siku hiyo hiyo. Ilihamia kichwani mwa Mama Chiriku, ikatandika kitanda.

"Lisemwalo lipo," akasema Shangazi wa Mashuka, mama wa makamo aliyekuwa mkubwa wa meza ile, "na kama halipo, li njiani laja."

"Basi lije kwa miguu, likawie," mwingine akadakia, na wote wakacheka.

Mama Chiriku hakucheka. Yeye kazi yake pale ilikuwa kupiga pasi, mashati ya watu wa ofisini na vitambaa vya meza vya hoteli, na kazi ya pasi humwachia mtu nafasi ya kufikiri kuliko inavyofaa. Mkono unakwenda na kurudi, na akili nayo inakwenda, ila yenyewe hairudi. Nyumbani alikuwa na binti mmoja wa miaka miwili na ushee, ambaye watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake ulifunguka asubuhi pamoja na dirisha na haukufungwa mpaka usiku. Baba Chiriku alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kusikika kuliko kuonekana. Mtoto alishinda na msichana wa kazi.

Kamera ya kwanza alikuwa ameshainunua. Ilikaa juu ya kabati la vyombo pale sebuleni, jicho moja jeusi lenye ukubwa wa machungwa mawili yaliyobandikana, na waya wake ulining'inia ubavuni mwa kabati mpaka kwenye soketi. Akiwa kazini aliegemeza simu kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia, na katika kioo cha simu aliiona sebule yake: kochi, mkeka, nusu ya mlango. Kulikuwa na kitufe cha kuzungumza. Ukikibonyeza na kusema, sauti yako inatokea kule nyumbani, juu ya kabati.

Mwanzoni kitufe kile kilimpa raha ambayo hakuwahi kuipata. Alikuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, jambo wanaloliweza malaika.

"Mfute kamasi," alisema, na msichana aliruka kule sebuleni kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Huo uji umepoa, upashe."

"Mbona soksi moja?"

"Usimbebe upande huo kila siku, atapinda."

Shangazi wa Mashuka alimtazama pembeni. "Wewe mwanamke, ungepewa mbawa ungemkalia yule binti kichwani."

"Wasiwasi ndiyo akili, shangazi."

"Akili gani hiyo? Angalia shati!"

Shati la mtu lilikuwa limeanza kutoa moshi.

Naye Chiriku aliizoea kamera kuliko wote. Aliposikia sauti ya mama yake inatoka juu ya kabati, alikimbia na kusimama chini yake, shingo nyuma, akaisimulia mambo yake yote: nzi, kijiko, paka wa jirani. Siku nyingine aliinua biskuti juu kwa mkono mmoja akisubiri ichukuliwe. "Mama, ham!" Alituma mabusu. Mama Chiriku aliwaonyesha wenzake, simu ikapita mkono kwa mkono juu ya mashuka safi, na kila mmoja akasema jamani, mtoto anampenda mama yake huyu. Jioni mama aliporudi, Chiriku alimkumbatia miguu, kisha akageuza macho juu ya kabati, akamtazama tena, kama mtu aliyeuziwa bidhaa na anataka kuhakikisha ni ile ile. Mama Chiriku alicheka sana. Angejua, asingecheka.

Siku moja msichana alikuwa akimbembeleza mtoto pale mkekani. Alikuwa akiimba wimbo wa kujitungia, akinyanyua mabega na kuzungusha kiuno taratibu kama bibi harusi wa zamani, na Chiriku akamwiga. Pale kwa dobi walikusanyika watano kwenye simu moja. Walicheka hadi Shangazi wa Mashuka akajifuta machozi kwa foronya ya mteja. Ilikuwa siku nzuri.

Baada ya siku hiyo ndipo mambo yalipobadilika. Mchana ukifika, msichana alimnyanyua mtoto, akatoka naye kwenye picha, upande ule ambao jicho la kamera halikufika, kulikokuwa na mlango wa chumba cha kulala na ule wa jikoni. Baada ya muda alirudi peke yake, mikono mitupu. Mtoto alikuwa amelala.

Amelalaje?

Hapo ndipo ile habari iliyotandika kitanda kichwani ilipoamka na kuvuta kiti. Jioni ya kwanza Mama Chiriku alimnusa mtoto kinywani. Kilinuka uji. Jioni ya pili alinusa tena, akapata harufu tamu-tamu, moyo ukamlipuka, kumbe ni dawa ya meno. Hata hiyo nayo ikamtia mashaka: kwa nini mtoto apigwe mswaki mchana? Ni nini kilichokuwa kinafichwa? Akapekua kabati la dawa, akainua chupa ya dawa ya kikohozi mbele ya taa, akaichora alama kwa kucha. Siku iliyofuata dawa ilikuwa pale pale kwenye alama. Akasema moyoni: ana yake ameificha.

Akamwuliza, wakiwa wanachambua mboga.

"Mdogo wangu, mbona siku hizi unamlaza mtoto chumbani?"

"Kule kuna hewa, dada."

"Na hapa sebuleni hakuna hewa?"

"Hapa kuna macho."

Mama Chiriku akaweka kisu chini. "Macho hayana pazia. Asiye na la kuficha hayaogopi. Tena nilikuwa nafikiria kuongeza kamera ya pili, ile kona yote ionekane, na chumbani."

"Na ya tatu ya bafuni? Maana huko nako huwa naingia."

"Unanijibu?"

"Nauliza tu, dada, nijue nitavaa nini."

Ilikuwa ya kuchekesha, na kama wangecheka wote wawili labda yangeishia pale. Hakuna aliyecheka. Msichana akachambua mboga mpaka zikabaki vikonyo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ikija ya pili, dada, mimi nitakuaga. Sitagombana. Nitakuaga vizuri na mtoto nitamuaga."

Neno hilo lilimkosesha Mama Chiriku usingizi. Wasichana waliotangulia hawakuwa wamekaa hata kumaliza gunia moja la mkaa. Huyu ndiye Chiriku aliyemwita akiamka, kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote. Akiondoka, nani atakaa na mtoto? Lakini akibaki, anafanya nini kwenye ile kona? Msichana asiye na neno angeogopa kamera? Aligeuka upande huu wa kitanda, akageuka upande ule. Akampigia mumewe.

"Nunua, usinunue, amua wewe," sauti ya Baba Chiriku ilikuja na mngurumo wa injini. "Ila mimi nikiwa barabarani usinitumie video ya mtoto analia. Nitaingia mtaroni."

"Nakuuliza kama baba yake."

"Na mimi nakujibu kama baba yake. Mtoto mzima? Anakula? Basi. Unataka kamera ikuambie nini ambacho mtoto mwenyewe hakwambii, na mdomo anao?"

Mama Chiriku akakata simu akisema wanaume wote ni wamoja.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, hakula. Alikwenda duka la vifaa vya umeme lililokuwa barabara ya chini. Mwenye duka alijiita Injinia, na juu ya kaunta alikuwa amezipanga kamera kama samaki.

"Mama, karibu! Ile ya kwanza inakusumbua?"

"Haioni kona."

"Ah! Hiyo ni kamera ya kuanzia maisha. Sasa njoo kwa watu wazima." Akainua moja nyeupe, ya duara. "Hii inageuza shingo kama bundi. Mtoto akienda kulia, nayo kulia. Akienda kushoto, nayo huyo."

"Inageuka ikionekana?"

"Inaonekana, na inalia kidogo, kri, kri."

"Haifai. Atajua inamfuata."

"Anayefuatwa ni mtoto au nani?"

Mama Chiriku akatazama mlangoni. Injinia, mtu wa biashara, akaelewa akashusha sauti. Akatoa saa ya ukutani, nzuri tu, yenye mishale ya rangi ya dhahabu. "Basi hii. Jicho liko hapa katikati ya kumi na mbili. Hata mchawi haoni."

"Na saa yenyewe inakwenda?"

"Kusema kweli, saa inachelewa chelewa. Lakini inaona!"

Aliishika ile saa. Akaiweka chini, akashika bundi. Akauliza kama kuna ya tatu. Ilikuwepo: ya jicho pana, inaona chumba kizima ila kila kitu kinapinda pembeni kama kimepikwa. Akaitaka. Kisha akasema hapana, sura hazitaonekana vizuri, na yeye anataka kuona sura, na mikono, hasa mikono. Akarudi kwenye saa. Lakini saa ni ya siri, na siri ikijulikana, msichana ataondoka siku hiyo hiyo bila hata kuaga vizuri. Na bundi si siri, msichana ataondoka vilevile. Kila kamera aliyoigusa ilimwondolea msichana, na kila aliyoirudisha ilimrudishia ile dawa ya kikohozi. Alitokwa na jasho. Injinia akawasha feni.

"Nionyeshe kona yenyewe," akasema Injinia. "Kila kona na dawa yake."

Mama Chiriku akafungua simu.

Sebule ilikuwa tupu, au aliiona hivyo mwanzo. Kisha akamwona Chiriku anatoka upande ule wa gizani, nywele zimelala upande mmoja, ndiyo kwanza ameamka. Mtoto akatazama kochi, akatazama mlango. Midomo ilimtetemeka. Msichana hakuonekana.

Mama Chiriku akabonyeza kitufe. "Chiriku! Mama! Umeamka?"

Uso wa mtoto ukachanua. Akainua macho juu ya kabati. "Mama!"

"Dada yuko wapi? Eh? Mwite dada."

Chiriku hakumwita dada. Alikwenda kwenye kigoda kilichokuwa karibu na mlango, akakisukuma kwa tumbo, kikikwaruza sakafu, mpaka kwenye kiti cha plastiki kilichoegemea kabati. Akapanda kigoda. Akapanda kiti. Akasimama.

"Shuka," akasema Mama Chiriku. "Shuka, mama, utaanguka."

Mtoto akacheka na kuinua goti, akaliweka kwenye ukingo wa kabati pale penye droo iliyofunguka kidogo.

"Shuka! Chiriku! Shuka nimesema!"

Goti la pili nalo likapanda. Sasa uso wake ulikuwa mkubwa kwenye simu, ulijaza kioo chote: pua, meno madogo, kamasi. "Nakuja, mama," akasema. "Nakuja."

"Wewe msichana! Uko wapi? Wewe! Mtoto! Mtoto!" Alipiga kelele hata watu wa nje wakachungulia dukani. "Shuka, Chiriku, shuka!" Na kila alipoita, mtoto alipanda.

"Mama," Injinia akasema, rangi imemtoka, "si unamwita?"

Kidole kikatoka kwenye kitufe. Kukawa kimya. Kwenye simu Chiriku alisita, akainamisha kichwa, akasikiliza. Furaha ikamtoka usoni taratibu. Alidhani mama anaondoka. "Mama?" Akanyoosha mkono upesi, apate kumzuia, na kitu cha karibu alichokipata ni waya.

Picha ikapinda. Ukaonekana ukuta, dari, taa, dari tena. Kisha giza, na katikati ya giza kiduara kidogo kinachozunguka, kinachosema kinatafuta mtandao.

Alipiga simu ya msichana. Iliita mpaka ikakatika. Akakumbuka kwamba ni yeye mwenyewe aliyempa amri: saa za kazi simu ikae mkobani, mkoba ukae chumbani. Akapiga tena hata hivyo. Ikaita.

Hakumbuki alivyotoka dukani. Alijikuta yuko juu ya pikipiki, na dereva anamwuliza, "Mama, tunaelekea wapi?"

"Mbele!"

"Mbele wapi?"

"Mbele, wewe, twende, nitakwambia!"

Njia nzima alishika simu mbele ya uso wake. Kiduara kilizunguka. Hajawahi kuitazama kamera ile kwa bidii kama siku isiyoonyesha kitu. Katika lile giza aliona kila kitu: aliona shingo imekunjika, aliona damu, aliona kabati limelala juu ya mtoto na vyombo vyake vyote, akaona tena mtoto hana hata alama anacheka, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi kwa kuwa hakuthubutu kuiamini. Kwenye makutano gari la mchanga lilikuwa limeziba njia. Akashuka, akakimbia. Kiatu kimoja kikabaki njiani. Mtu akamwita, "Mama, kiatu!" Hakugeuka.

Mlango ulikuwa wazi. Kabati lilikuwa limesimama. Kiti kimelala chali. Kamera ilikuwa sakafuni, imepasuka kama yai, na msichana alikuwa amekaa mkekani na Chiriku mapajani, amemkandamizia khanga usoni. Khanga ilikuwa na damu. Mtoto alikuwa analia, na Mama Chiriku, aliyechukia kilio chake siku zote, alikisikia akapiga magoti.

Jicho la mtoto lilikuwa zima. Jeraha lilikuwa juu yake, kwenye nyusi, kamera ilipomwangukia. Kilichobaki ni michubuko na nundu nyuma ya kichwa.

"Ulikuwa wapi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Bombani, dada. Nyuma ya nyumba. Nasuuza shuka la mtoto, alilikojolea."

"Hukunisikia? Nimepiga kelele mpaka mji mzima umesikia! Hukusikia?"

Msichana alimtazama. Macho yalikuwa mekundu, lakini hayakukwepa. "Nilikusikia, dada. Tangu la kwanza."

"Ukakaa?"

"Nilidhani ni yale ya kila siku. Nikasema ngoja nimalize shuka, atakuwa anasema soksi, au kamasi. Kugombezwa hakuozi, nitakukuta." Akaikandamiza khanga. "Nilipomsikia mtoto ndiyo nikakimbia. Wewe sikukukimbilia. Nilimkimbilia mtoto."

Kuna maneno ambayo mtu angetaka kuyajibu kwa kofi. Mama Chiriku aliinua mkono, na mkono wenyewe ukaishia kwenye khanga, ukashikilia jeraha upande wa pili. Wakatoka hivyo, wawili wamembeba mmoja, mmoja ana kiatu kimoja na mwingine ana mapovu mpaka kwenye viwiko.

Kwenye zahanati muuguzi alisafisha jeraha akauliza, "Alikuwa na nani alipoanguka?"

"Na mimi," akasema Mama Chiriku.

"Na mimi," akasema msichana.

Muuguzi akawatazama mmoja mmoja. "Mlikuwa wawili mnamwangalia, na akaanguka?"

Mtoto alishonwa. Alipiga kelele ya kupasua bati, akamtaka mama, akapewa mama, akamsukuma, akamtaka dada. Msichana akambeba begani, akaenda naye ukumbini hadi mwisho na kurudi, na katika kwenda na kurudi akaanza kuimba kwa sauti ndogo, ule wimbo wa kujitungia. Chiriku akapunguza, akapunguza, akalala. Hapakuwa na chupa. Hapakuwa na kijiko.

Mama Chiriku alikaa kwenye benchi akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndivyo unavyomlaza?"

"Ndiyo."

"Chumbani?"

"Ndiyo, dada."

"Si ungeniambia tu? Sasa kuimba nako kuna la kuficha?"

Msichana alimweka mtoto vizuri begani. "Ile siku mlinicheka," akasema. "Wengi. Uliacha kitufe kimebonyezwa, au sijui. Nilisikia watu wanacheka juu ya kabati na mimi nipo nanyanyua mabega. Nikamwuliza mtoto, nani hao? Akasema mama."

Wakati huo Mama Chiriku alitamani kuwa na picha. Alitamani airudishe nyuma siku nzima, aone kama kweli msichana alikuwa bombani, kama kweli alikimbia, kama kweli shuka lilikuwa limelowa. Hakukuwa na cha kurudisha. Alikuwa na maneno ya mtu tu, na mtu mwenyewe akiwa mbele yake na mtoto begani, na ilimbidi achague kuamini au kutoamini kama watu walivyochagua siku zote. Alipofika nyumbani alizunguka hadi nyuma. Shuka lilikuwa kwenye beseni. Akaona aibu kwa kuangalia, lakini aliangalia.

Jioni, wakiokota vipande vya kamera, aliuliza bila kuinua kichwa, "Utaondoka?"

"Nitakaa mpaka nyuzi zitolewe."

"Na baadaye?"

"Baadaye sijui, dada. Usiniulize leo."

Hakumwuliza. Injinia alipiga simu kesho yake kuuliza hali ya mtoto, kwa utu kabisa, na kabla ya kuaga akasema ile saa ya ukutani bado amemwekea kando. Mama Chiriku alisema asante, akasema ataona, kisha akarekebisha: hataki. Hakuna ya pili, na ya kwanza hairudishwi juu ya kabati. Alilisema upesi kama mtu anayemeza kidonge, na halikumpa amani yoyote. Kazini mkono wake bado unakwenda kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia kutafuta simu. Bado ananusa kinywa cha mtoto. Mchana ukifika hupiga simu ya msichana, ambayo sasa inakaa sebuleni, na msichana hupokea na kusema mtoto amekula, amelala, analia, amekunya. Hayo tu. Wakati mwingine husema, "Dada, ngoja nimalize kumwosha, nitakupigia," na hapo katikati, mpaka apigiwe, Mama Chiriku huunguza mashati.

Nyuzi zinatolewa wiki hii.

Pale kwa dobi habari za wasichana wa kazi hazijaisha, na wenzake wenye watoto wadogo humjia mezani, kwa kuwa yeye ndiye aliyezijua kamera, wakamwuliza: ile ya shingo, ile ya saa, ile ya jicho pana, tununue ipi? Yeye huzima pasi kwanza. Halafu huwaambia mambo ya kuepuka, na haya ndiyo anayowaambia:

Usinunue kamera siku uliyosikia habari ya kutisha. Lala kwanza, hata mara mbili.

Usiweke kamera ndani bila kumwambia anayekaa na mtoto. Na ukishamwambia, usidhani amekubali kwa sababu amesema sawa.

Usimwulize muuza kamera kama unahitaji kamera.

Usizungumze na mtoto mdogo kupitia kamera. Hajui kwamba ni sauti tu. Atakufuata uliko.

Usimgombeze msichana kwa mambo madogo kupitia kitufe. Siku ya jambo kubwa hatakuja.

Usiwaonyeshe watu wengine yanayoendelea nyumbani kwako wakacheka. Ukifanya hivyo, hakikisha hawasikiki, na bora usifanye.

Usimnyang'anye msichana simu saa za kazi. Utaitaka wewe.

Usiache waya unaning'inia mahali ambapo mtoto anafikia, wa kamera, wa pasi, wa chochote.

Usiache kigoda wala kiti karibu na kabati.

Usiache droo wazi.